Ile Stika ya Dirishani Ilitoka Wapi?

Jumamosi moja usiku anti yangu alinipigia video kutoka Dallas. Kwake ilikuwa mchana, jua linachoma, na alikuwa amejifungia ndani ya saluni yao kuukuu nje ya duka moja la magari. Mume wake alikuwa amebaki ndani na muuzaji. Mtoto wa tatu amezaliwa, viti vitatu vya watoto havitoshei tena kiti cha nyuma, kwa hivyo walikuwa wameenda kununua minivani mpya, ile gari ya familia yenye safu tatu za viti na milango ya kuteleza.

"We mtoto, si wewe ndiye hukesha kwa simu ukisoma historia?" akaniuliza. "Haya niambie. Dirishani wameandika dola 42,000. Karatasi ya mezani inasema 45,800. Nimeuliza kwa nini, naye ananiuliza naweza kulipa ngapi kwa mwezi. Kwani sijui hesabu ama?"

Hapo lazima uelewe huyu anti ni nani. Kabla aende kusomea unesi aliuza mitumba Gikomba miaka sita. Huyu ni mtu anaweza kukuuzia fagia kwa bei ya kamera na uondoke ukimshukuru. Kupatana bei hakuna mtu wa kumfunza. Sasa ilikuwaje bingwa wa Gikomba ajifungie kwa gari karibu kulia, kwa sababu ya kijana wa tai na kalkuleta?

Jibu liko kwa ile stika ya dirishani, na iko na stori ndefu kuliko nilivyodhani.

Kwanza, bei moja kwa kila mtu si kitu cha kawaida kwa binadamu. Kwa sehemu kubwa ya historia, bei ilikuwa mazungumzo. Walioanza kulikataa hilo kwa sababu ya dini ni Waquaker wa Uingereza, miaka ya 1600. Waliona kumtajia mteja shilingi kumi ukijua utachukua sita ni kusema uongo, na kumtoza mjinga zaidi ya mjanja ni kuwagawa watu ambao Mungu amewaumba sawa. Kama umetoka Vihiga ama Kakamega tayari unawajua: ni watu wa Friends, waliofika Kaimosi mwaka 1902. Leo Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi yoyote duniani.

Waquaker ndio walioanzisha mji wa Philadelphia kule Marekani, na ni katika mji huo John Wanamaker, ambaye mwenyewe alikuwa Mpresbiteri, alifungua duka lake kubwa mwaka 1876. Kila bidhaa ilikuwa na karatasi ya bei, na ulilipa hiyo bei uwe tajiri uwe maskini. Kibiashara ilimfaa pia. Duka lenye mamia ya wafanyakazi haliwezi kumwachia kila kijana wa kaunta ajipangie bei yake. Maduka mengine yalimfuata, na kufikia gari linaingia sokoni, Mmarekani wa kawaida alikuwa ameshazoea kununua shati bila kubishana.

Gari nalo lingefuata njia hiyo hiyo. Ford Model T ilipotoka mwaka 1908 bei yake ilitangazwa nchi nzima, kama dola 850, na miaka ya 1920 ilikuwa imeshuka hadi chini ya 300. Lakini mambo mawili yaliharibu mpango.

La kwanza, kampuni hazikutaka kuuza magari zenyewe. Ziliyauza kwa jumla kwa wafanyabiashara wa kila mji, nao wakamuuzia mteja. Faida ya huyu wa katikati ikakaa kati ya bei mbili: moja anayolipa yeye kwa kampuni, na moja unayolipa wewe. Ile ya kwanza wewe huioni.

La pili ni gari lako la zamani. Watu wakishanunua gari la kwanza, la pili hulinunua wakirudisha la kwanza kama sehemu ya malipo. Na gari kuukuu halina bei moja. Lazima mtu alizunguke, apige teke tairi, atikise kichwa. Ilikuwa biashara ya farasi imerudi, na ilirudi na tabia zake zote za ujanja.

Vita vya Pili vya Dunia vikaja. Mwanzoni mwa 1942 viwanda vya Marekani viliacha kutengeneza magari ya raia, vikageukia silaha. Vita vilipoisha mwaka 1945 kila mtu alitaka gari na magari hayakutosha, kwa hivyo wauzaji walitoza walivyotaka. Kufikia miaka ya 1950 mambo yakageuka: Ford na Chevrolet walikuwa wakishindana kumwaga magari sokoni hadi maduka yakafurika. Sasa muuzaji alihitaji njia ya kukufanya ujione mshindi.

Njia aliyoipata ilikuwa hii. Nitatumia namba za mfano tu. Tuseme gari jipya ni la dola 2,500, na lako kuukuu ni la 400. Kwa haki unapaswa kuongeza 2,100. Muuzaji anakuambia jipya ni 3,000, halafu anakutolea macho: "Lako nitalichukua kwa 800!" Unarudi nyumbani ukijisifu kwa majirani kwamba umelipwa maradufu kwa kile kigari chako. Umelipa 2,200. Amekupiga mia, na wewe unasherehekea mia nne.

Ujanja huo ulifanya kazi kwa sababu bei ya kwanza haikuwa imeandikwa popote ambapo ungeweza kuisoma. Seneta mmoja wa Oklahoma, Mike Monroney, aliita vikao Bungeni kuchunguza biashara hiyo, na mwaka 1958 Rais Eisenhower akatia sahihi sheria yake. Tangu hapo kila gari jipya linalouzwa Marekani lazima liwe na karatasi dirishani: modeli, mahali lilipounganishwa, bei ambayo kampuni inapendekeza, bei ya kila kitu cha ziada kilichotoka nacho kiwandani, gharama ya kulisafirisha, na jumla. Kuibandua kabla gari halijafika kwa mnunuzi ni kosa. Hadi leo watu wa magari kule wanaiita kwa jina la seneta: "Monroney".

Lakini soma hapo tena. Ni bei ambayo kampuni *inapendekeza*. Sheria haikumlazimisha muuzaji kuifuata, juu wala chini. Na ile bei nyingine, ya ankara, ambayo muuzaji mwenyewe analipa kwa kampuni, haikuwekwa dirishani. Monroney alimwonyesha mteja namba moja kati ya mbili. Vita vikahamia kwa ile ya pili.

Minivani yenyewe iliingia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Chrysler ilikuwa karibu kufa, hadi serikali ikaidhinisha dhamana ya mikopo ya dola bilioni 1.5 kuiokoa. Waliokuwa wakiiongoza ni watu wawili waliofukuzwa Ford, Lee Iacocca na Hal Sperlich, na Sperlich alikuwa amekaa miaka na wazo la basi dogo linaloendeshwa kama saluni na kuingia gereji ya kawaida. Novemba 1983 la kwanza lilitoka kiwandani Windsor, Kanada. Dodge Caravan na Plymouth Voyager ziliuza zaidi ya 200,000 katika mwaka wa kwanza, na wazazi wa Marekani wakaacha stesheni-wagoni zao.

Hii gari ni tofauti na gari la kujionyesha. Gari la michezo unaweza kulikataa ukasubiri mwaka mwingine. Minivani unainunua kwa sababu kuna mtoto mwingine na viti havitoshi. Muuzaji akikuona na tumbo la miezi minane, ama na watoto watatu wakilia nyuma yako, anajua hutaondoka kirahisi. Shida yako ameshaihesabu kabla ujitambulishe.

Na si shida tu anahesabu. Hapa ndipo nilinyamaza kidogo kwa simu kabla ya kumsomea anti.

Mwaka 1991 profesa wa sheria anayeitwa Ian Ayres alichapisha utafiti katika jarida la sheria la Harvard. Aliwatuma watu wakajifanye wateja katika maduka ya magari mapya kama 90 eneo la Chicago: wanaume wazungu, wanawake wazungu, wanaume weusi, wanawake weusi. Wote walifunzwa maneno yale yale, wakavaa nguo za aina moja, wakaulizia gari la aina moja na kupatana kwa mtindo mmoja. Faida ambayo muuzaji alibaki nayo kwa bei ya mwisho aliyomtajia mwanamke mzungu ilizidi ya mwanamume mzungu kwa asilimia 40 hivi. Kwa mwanamume mweusi ilikuwa kama mara mbili. Kwa mwanamke mweusi ilikuwa zaidi ya mara tatu. Na kuna kitu kingine kiliniuma: wateja walielekea kupelekwa kwa wauzaji wa rangi na jinsia yao wenyewe, na hao ndio waliwapa bei mbaya zaidi.

Anti alikaa kimya. Halafu akasema, "Huyu kijana hapa ndani ni Mnaijeria. Amekuwa akiniita dada tangu asubuhi."

Sasa mnaona ile shida ya Gikomba. Anti hakuwa amepoteza mdomo wake. Gikomba alikuwa yeye ndiye amefungua mzigo. Alijua umemgharimu ngapi, vipande vingapi ni kamera na vingapi ni fagia, na akishuka wapi anakula hasara. Mteja alikuwa na mdomo tu. Dallas viti vimebadilishwa. Yule kijana ndiye anajua ankara inasema nini. Anajua pia kwamba kampuni nyingi humrudishia muuzaji kitu kama asilimia 2 au 3 ya bei baada ya gari kuuzwa, kwa hivyo hata akikuonyesha ankara na kuapa kwamba hapati hata senti, bado anapata.

Wamarekani wamejaribu kuua mchezo huu. Mwaka 1990 General Motors ilileta magari ya Saturn, na maduka yake yakauza kwa bei ya stika, hakuna kubishana. Wateja waliipenda kwa miaka mingi, lakini GM iliifunga Saturn mwaka 2010. Kitu kilichobadilisha mchezo zaidi ni intaneti. Vitabu vya bei kama vya Edmunds, vilivyoanza mwaka 1966, viliingia mtandaoni miaka ya 1990, na bei ya ankara ikawa kitu unaangalia ukiwa jikoni. Mwaka 2003 wachumi Scott Morton, Zettelmeyer na Silva-Risso walionyesha kwamba wateja weusi na Walatino walikuwa wakilipa karibu asilimia 2 zaidi dukani, lakini walioomba bei kupitia mtandao pengo lao karibu liliisha lote.

Hapo ndipo nilipata cha kumwambia anti. Nilimwambia, "Anti, toka. Usiage."

Jumapili usiku, watoto wakiwa wamelala, aliandika ujumbe mmoja na kuutuma kwa maduka matano ya eneo lake: modeli hii, rangi hizi mbili, nipe jumla na kila ada, na ukiongeza kitu ambacho hakikutoka kiwandani ukitaje. Mkopo aliuomba kwanza kwa chama cha akiba na mikopo cha hospitali yao, ambacho ni sacco tu kwa jina lingine, kwa hivyo lile swali la "unaweza kulipa ngapi kwa mwezi" likakosa kazi. Na ile saluni kuukuu hakuitaja hadi bei ya gari jipya ilipoandikwa. Bila kujua, alikuwa amefunga mlango uliotumiwa kuwapiga watu miaka ya 1950.

Watatu walijibu. Alhamisi alinunua kwa 41,300 kabla ya kodi. Ile 3,800 iliyoongezwa kwa karatasi ya kwanza ilikuwa dawa ya rangi, hewa ya naitrojeni kwa tairi, na mstari mmoja ulioandikwa "marekebisho ya soko". Huo mstari ulipata umaarufu mwaka 2021, wakati chipu zilipokosekana na magari yakawa machache. Siwezi kukuahidi ujumbe kama wake utafanya kazi kila wakati. Gari likikosekana, muuzaji ana nguvu hata ukijua kila kitu.

Lakini fikiria wazazi wetu hapa. Wengi hatununui mpya. Tunanunua Noah iliyotoka Japani, kwa yadi ambayo dirishani hakuna stika ila karatasi imeandikwa "bei ni maelewano". Maelewano na nani, na anajua nini ambacho hujui? KRA ina orodha ya wazi ya bei za magari yakiwa mapya, CRSP, ambayo ndiyo inatumika kukokotoa ushuru. Bei za mnada na za kusafirisha kutoka Japani ziko mtandaoni. Ukikaa nazo jioni moja utajua kwa makadirio yule msee wa yadi ametoa ngapi mfukoni, halafu ndio ufungue mdomo.

Anti alinitumia picha ya minivani ikiwa nje ya nyumba yao, watoto wamejaa nyuma. Ile stika ya dirishani bado hajaitupa. Anasema ataiweka kwa faili, pamoja na vyeti vya kuzaliwa.