Zaburi Iliyosomwa na Wawili

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammed alitoa amri iliyoondolea utumwa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba. Mwaka huohuo Wakristo wa madhehebu ya Marafiki kutoka Uingereza walianzisha misheni Pemba, wakanunua shamba la karafuu mahali paitwapo Banani, na kuwapa kazi watu waliotoka utumwani. Kanisa kisiwani likawa limefungamana na kumbukumbu nzito: kwa baadhi lilikuwa kimbilio, kwa wengine dini ya wageni walioandamana na dola. Tangu hapo Waislamu, walio karibu watu wote wa Pemba, na Wakristo wachache wameishi mlango kwa mlango, wakazikana na kuchuma karafuu pamoja. Huo ni ujirani mwema. Lakini mtu aweza kulibeba jeneza la jirani yake miaka arubaini asijue jirani huyo akisali husema nini. Kujua huko hutaka watu wakae kitako, wafungue kitabu, wasome pamoja. Na mwambao una mifano yake.

Mfano mkongwe uko ng'ambo ya mkondo, Unguja. Mwaka 1864 alifika huko Edward Steere, kasisi wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa askofu, naye akajifunza Kiswahili kwa wenyeji. Mmoja wa waliomsaidia alikuwa Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani Al-Amawi, mzaliwa wa Barawa na kadhi wa Unguja, aliyefariki mwaka 1896. Katika dibaji ya kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870, Steere aeleza kwamba Sheikh alijitolea mwenyewe kumfasiria Zaburi, kutoka Kiarabu hadi Kiswahili kilicho safi kabisa.

Zaburi haikuchaguliwa ovyo. Muislamu huamini kuwa ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Daudi. Mkristo huisoma kanisani. Kwa hiyo kadhi hakuingia nyumba ngeni, wala hakuiacha yake. Sheikh huyuhuyu alijadiliana na wamishionari waziwazi juu ya dini, naye Steere hakuficha kwamba alikuja kuhubiri. Kila mmoja alijua mwenziwe amesimama wapi, na juu ya hayo wakaketi kwenye kurasa zilezile.

Kazi hiyo haikuendelea mbali. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na lugha yake, asema Steere, ilikuwa ya kisomi mno kwa haja iliyokusudiwa. Misheni ilikuwa na wanafunzi wengi waliokombolewa utumwani, wenye asili ya bara. Waliotofautiana itikadi, basi, walikwamishwa na swali la lugha: kitabu hiki ni cha nani, na kisemwe kwa Kiswahili cha nani? Mswada haukutimia, lakini kadhi alikuwa ametoa kilicho bora katika lugha yake kwa ajili ya kitabu ambacho Wakristo wangekiimba.

Mombasa, katika miaka ya 1880, walikutana wengine wawili. Mwalimu Sikujua bin Abdallah Al-Batawi aliyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, akamfafanulia maana zake mmishionari W. E. Taylor. Mwalimu alifariki mwaka 1890. Maandishi yaliyotokana na vikao hivyo ndiyo yaliyomwezesha William Hichens kuchapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Mengi ya Muyaka yamesalia kwa kuwa Mkristo alikubali kuwa mwanafunzi wa Muislamu.

Kuna na mfano wa kinyume. Mwaka 1923 Kanoni Godfrey Dale, wa misheni ileile ya Steere, alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, ikiwa na maelezo ya kuwafaa walimu wa Kikristo. Waislamu hawakuipokea. Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy alipoitoa tafsiri yake, Qurani Takatifu, mwaka 1969, aliikosoa waziwazi ile ya Dale. Elimu ya lugha Dale alikuwa nayo. Kitabu cha watu kilisomwa bila ya wenyewe kuwa na kauli juu ya maana yake.

Pemba haikosi kitabu cha kuanzia. Mwaka 2011 kilitoka Kale ya Washairi wa Pemba, chenye tungo za Kamange na Sarahani, kikihaririwa na Abdilatif Abdalla. Humo mna maneno ambayo hata Mpemba wa leo huhitaji kuyauliza kwa wazee, na mna imani ambayo msomaji Mkristo atahitaji kuelezwa na jirani yake. Siku nyingine yaweza kuwa Zaburi, na muulizaji akawa Muislamu. Sheikh Abdulaziz na Steere hawakuafikiana juu ya dini mpaka kufa kwao. Kurasa walizozisoma pamoja hazikuwataka waafikiane. Ziliwataka wasikilizane mpaka mwisho wa beti.