Kununua Gari: Kupatana Bei na Kulipa kwa Mafungu Bila ya Ribaa

Himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Swalah na Salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake wote.

Ama ba'd. Tangu Serikali ya Muungano ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wamo ndugu zetu wa Unguja na Pemba waliokwenda huko kwa kazi na masomo, na baadhi yao wamepanga nyumba Kikuyu, mtaa ulio karibu na mjini. Baada ya muda huja haja ya gari dogo la kwendea kazini na kupelekea watoto skuli. Mara nyingi gari hilo si la mtu mmoja: baba huchangia, mama hutoa fungu lake la upatu, na kijana hubeba deni lililobaki kwa mshahara wake. Kwa hiyo mkataba ukiwa na ribaa, familia nzima imeguswa.

Tunachotaka kukumbusha katika makala haya ni mpangilio. Kwanza patana bei ya gari. Kisha zungumza namna ya kulipa. Kisha funga mkataba mmoja wenye bei moja isiyoongezeka. Anayeanza kwa kuuliza "kwa mwezi nitakatwa ngapi?" huenda akatia saini bila ya kujua gari amelinunua kwa bei gani.

KUPATANA BEI SI AIBU

Wapo wanaoona haya kuvutana bei, wakidhani ni ubakhili. Imethibiti katika Swahiyh mbili kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alipatana bei na Jaabir bin 'Abdillaah (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) juu ya ngamia wake walipokuwa safarini, wakakubaliana, na Jaabir akashurutisha ampande hadi Madiynah. Walipofika, Mtume alimlipa thamani, akamzidishia, kisha akamrudishia na ngamia mwenyewe. Tunajifunza kwamba kuvutana bei ni halali na ukarimu ni mzuri, na kila kimoja kina pahala pake: bei hupatanwa kwanza, hisani hufuata.

Mipaka yake ni hii: usiseme uongo kuwa umepewa bei ndogo kwengine ilhali hukupewa, usimlete rafiki ajifanye mnunuzi ili kumtisha mwenye gari au kupandisha bei, na usiingilie mapatano ya ndugu yako ambaye yeye na muuzaji wameshakaribia kukubaliana.

JUENI MNAPATANA BEI YA NINI

Tanzania neno "gari jipya" lina maana mbili. Lipo lililotoka kiwandani halijatumika kabisa, na lipo lililotumika Japani kwa miaka kadhaa ila bado halijatembea nchini kwetu. Premio, Allion au Axio unazoziona yadi nyingi ni za aina ya pili. Muuzaji akisema "jipya" bila ya kubainisha, muulize.

Kabla ya kutaja bei, yaulizeni haya:

1. Mwaka wa kutengenezwa, si mwaka wa kuingia nchini. Gari lenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada, nalo hupoteza thamani mapema.

2. Kilomita. Hati ya kusafirishia gari kutoka Japani huonesha kilomita zake. Ilinganisheni na zinazosomeka kwenye dashibodi. Wapo wanaozirudisha nyuma, na huo ni udanganyifu ulioharamishwa.

3. Bei inajumuisha nini. Je, kodi zote za TRA zimelipwa? Usajili, namba na bima vimo ndani? Bei ya yadi moja inaweza kuwa ndogo kwa sababu tu haina hayo. Tovuti ya TRA ina kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika, basi hesabuni wenyewe kabla ya kwenda.

4. Gari litakaa wapi. Gari lenye namba za Zanzibar na lenye namba za Bara hayako chini ya usajili mmoja. Kama mnakusudia kulivusha baadaye, ulizeni mamlaka za mapato za pande zote mbili kabla ya kununua.

Njooni na fundi wenu, si fundi wa yadi. Muuzaji ana wajibu wa kudhihirisha kasoro anayoijua. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu ndani yake, akamkemea mwenyewe kwa kuuficha. Kasoro iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha.

Kwa aliyeko Dodoma, yadi za Dar es Salaam zina magari mengi zaidi ya kulinganisha, na treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 imerahisisha safari. Tembeleeni yadi tatu au nne bila ya kutoa fedha. Tangazo likiandikwa "maongezi yapo", maana yake bei ya kwanza si ya mwisho.

DALALI, "CHA JUU" NA KISHIKA UCHUMBA

Udalali ni kazi ya halali na ujira wake ni halali ukijulikana. Kisichofaa ni "cha juu" cha siri: mwenye gari amesema milioni 18, dalali akakwambia milioni 20 na kujichukulia mbili bila ya ruhusa ya aliyemtuma. Huo ni ukhaini katika amana. Muulizeni dalali mapema analipwa na nani na kiasi gani.

Kishika uchumba, yaani fedha ya kuzuia gari lisiuzwe kwa mwengine, wanachuoni wamekhitilafiana ikiwa muuzaji anaweza kuibakisha pale mnunuzi anaporudi nyuma. Jamhuri ya wanachuoni, na miongoni mwao Mashaafi'iy, wameikataza, Mahanbali wameiruhusu. Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, iliijuzisha kwa sharti la kuwekwa muda maalumu. Kwa aliye katika madhehebu ya watu wa visiwani, lililo salama ni kuandikiana kuwa fedha hiyo itarejeshwa, au kutotoa kabisa mpaka siku ya kununua.

NJIA ZA KULIPA

Ya kwanza ni taslimu, kwa akiba, upatu au mkopo mwema wa jamaa usio na ziada. Ni ndefu lakini nyepesi.

Ya pili ni kununua kwa mafungu kutoka kwa mwenye gari mwenyewe. Majma' ya Fiqhi, katika kikao cha Jeddah mwaka 1990, ilithibitisha kuwa bei ya kulipa baadaye inaweza kuzidi bei ya taslimu. Muuzaji anaweza kutaja bei mbili, lakini msiachane mpaka mmeshachagua moja. Ukichelewa kulipa, haijuzu deni kuongezwa, hata kama mliandikiana hivyo.

Ya tatu ni mkopo wa fedha wenye riba, uwe wa benki, wa taasisi ndogo au wa wale wanaoitwa "kausha damu" wanaochukua kadi ya gari kuwa rehani. Hii ni ribaa waziwazi. Jina "gharama za huduma" haliibadilishi hukumu, ikiwa gharama hizo zinakua kwa kiasi cha fedha na muda.

Ya nne ni murabaha: taasisi inanunua gari, inalimiliki, kisha inakuuzia kwa gharama yake pamoja na faida inayojulikana. Imaam Ash-Shaafi'iy katika Al-Umm aliitaja sura ya mtu kumwambia mwenzake anunue bidhaa naye atampa faida, akaijuzisha, na akampa aliyeagiza hiari ya kununua au kuacha. Nchini kwetu Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu, PBZ ina huduma zake za Kiislamu, na CRDB ina Al Barakah. Kuzitaja si kuudhamini kila mkataba, usomeni wenu.

Murabaha huharibika kwa mpangilio. Ukishalinunua na kulisajili gari kwa jina lako kisha ukaenda benki, benki haina cha kukuuzia. Itakupa fedha tu na kuchukua zaidi. Kwa hiyo patana bei na yadi, chukua ankara ya bei kwa jina la benki, usilipe, kisha benki inunue. Mkataba wa kukuuzia utiwe saini baada ya gari kuwa mikononi mwake. Likiharibika kabla ya hapo, hasara ni yake. Hilo ndilo linalohalalisha faida yake.

MFANO WA HESABU

Tuseme mmepatana milioni 20, na mna kianzio cha milioni 6. Zimebaki milioni 14. Benki ikiweka faida ya milioni 2.8 kwa miezi 24, deni ni milioni 16.8, sawa na shilingi 700,000 kila mwezi. Gari limewagharimu milioni 22.8. Lakini kama kwa kupatana vizuri mngelipata kwa milioni 18, zingebaki milioni 12, na kwa kiwango kile kile faida ingekuwa milioni 2.4. Mngeokoa milioni 2 za bei na 400,000 za faida. Ndiyo maana bei huja kwanza.

KABLA YA KUTIA SAINI

- Jumla ya deni imeandikwa kwa tarakimu moja?
- Nikichelewa itakuwaje? Baadhi ya taasisi humtaka mchelewaji atoe sadaka. Hakikisheni haiingii katika faida ya benki.
- Nikimaliza mapema? Majma' mwaka 1992 ilijuzisha kupunguziwa deni kwa kulipa mapema, maadamu halikushurutishwa tangu mwanzo.
- Bima kubwa ikitakiwa, ipo takaful?

Mtumishi wa umma hutakiwa kubakiwa na theluthi ya mshahara baada ya makato. Hicho ni kikomo cha sheria, si kipimo cha familia. Mkiona theluthi haitoshi kodi ya nyumba Kikuyu na matumizi ya wazee nyumbani, nunueni gari dogo zaidi au subirini.

Andikeni deni na mshuhudishe, kama Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Alivyoamrisha katika Suwrat Al-Baqarah, Aayah 282, na nakala moja ibaki kwa familia visiwani. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alikuwa akiletewa maiti huuliza kama ana deni. Jamaa watakaoulizwa ni lazima wawe wanajua jibu.

Na Allaah Anajua zaidi.