Baleti ya watu wazima jijini Nairobi

Baleti ya watu wazima ni mafunzo ya densi ya baleti kwa mtu anayeanza, au anayerudi, baada ya mwili wake kumaliza kukua. Jijini Nairobi mafunzo haya hupatikana zaidi katika mitaa ya magharibi, kuanzia Westlands na Lavington hadi Karen, na maonyesho makubwa hufanyika katikati ya jiji. Sehemu yake ngumu zaidi ni kazi ya ncha, yaani kucheza mtu akiwa amesimama juu ya ncha za vidole vya miguu ndani ya viatu vigumu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mtu mzima anaweza kuifikia. Linaloamua si idadi ya miaka yake, bali ni nguvu ya miguu na kiwiliwili, mpangilio wa viungo na muda aliokwisha kuutumia darasani kabla ya kuvaa viatu hivyo.

Historia

Kazi ya ncha ilikomaa Ulaya. Marie Taglioni alipocheza La Sylphide mjini Paris mwaka 1832, alivaa viatu laini vya satini vilivyoimarishwa kwa kushonwa nyuzi tu. Mwili wake aliubeba kwa misuli. Kiatu chenye kasha gumu la kushikilia vidole kilikuja baadaye katika karne hiyo ya 19. Kwa hiyo nguvu ya mguu ilitangulia kiatu, na utaratibu huo bado ndio salama kwa kila mwanafunzi.

Nairobi ilipokea baleti wakati wa ukoloni, kupitia familia za Waingereza na mitaala ya mitihani ya Royal Academy of Dance, taasisi iliyoanzishwa London mwaka 1920. Kenya National Theatre, iliyofunguliwa mwaka 1952 kwenye barabara ambayo leo inaitwa Harry Thuku, mkabala na Hoteli ya Norfolk, ndiyo jukwaa linalojulikana zaidi kwa densi hii jijini. Kwa miaka mingi baleti ilihesabiwa kuwa ya watoto wa wenye uwezo. Hali hiyo ilianza kubadilika pale shirika la Anno's Africa lilipopeleka madarasa ya sanaa katika mtaa wa mabanda wa Kibera. Mwalimu Mike Wamaya aliwafundisha watoto huko katika vyumba vya shule, madawati yakiwa yamesogezwa kando na wanafunzi wengi wakiwa pekupeku. Mwaka 2017 alikuwa miongoni mwa walimu 10 waliofika fainali ya tuzo ya Global Teacher Prize. Joel Kioko, kijana wa Kuwinda karibu na Karen, alitoka katika mafunzo ya Nairobi akaenda kusoma katika shule ya English National Ballet mjini London. Dance Centre Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2015 chini ya uongozi wa Cooper Rust, mchezaji kutoka Marekani, imezoesha jiji kuona The Nutcracker katika Kenya National Theatre.

Watu hawa wamefanya baleti ionekane kuwa jambo la Nairobi. Ndiyo maana leo mhasibu wa Upper Hill au muuguzi wa Parklands huuliza kama naye anaweza kujifunza. Katika nchi nyingine swali hilo limekwisha kupata jibu rasmi: mwaka 2017 Royal Academy of Dance ilianzisha Silver Swans, mpango wa madarasa kwa watu wa miaka 55 na zaidi.

Mwili wa mtu mzima

Mtoto huzuiwa kupanda kwenye ncha mapema kwa sababu, pamoja na mengine, mifupa yake bado inakua. Mtu mzima hana hatari hiyo, lakini ana mipaka yake. Umbo la mfupa wa nyonga halibadiliki tena, hivyo kiasi anachoweza kugeuza miguu nje kimeshawekwa na maumbile. Akilazimisha miguu igeuke zaidi ya nyonga inavyoruhusu, goti na kifundo hupindika ili kufidia, na hapo ndipo maumivu huanzia. Misuli hupata nguvu ndani ya wiki kadhaa, lakini kano huhitaji miezi mingi. Mwanafunzi anayejisikia ana nguvu mapema huwa na kano ambazo bado hazijafika alipofika yeye.

Mtu akisimama kwa ncha, muundi na wayo hutakiwa kuwa mstari mmoja. Kifundo cha kawaida huinama takriban nyuzi 50. Zilizobaki hutoka katika viungo vidogo vya kati ya wayo, ili jumla ikaribie nyuzi 90. Miaka ya kuvaa viatu vya kisigino kirefu hufupisha misuli ya shavu la mguu, na saa za kukaa ofisini kisha kwenye matatu ya Ngong Road au Waiyaki Way hukaza misuli ya mbele ya nyonga. Anayeshuka kwenye gari na kuingia moja kwa moja darasani anaanza akiwa mgumu. Asubuhi na jioni za Julai, mwezi wa baridi Nairobi, hali huwa mbaya zaidi. Dakika 10 hadi 15 za kutembea kwa kasi, kuzungusha viungo na kupanda vidole taratibu zinatosha kupasha mwili. Jiji liko mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mgeni aliyetoka Mombasa asishangae akihema upesi katika wiki za kwanza.

Mtu mzima ana faida pia. Husikia maelekezo akayaelewa, na anaweza kueleza hasa mahali panapouma na tangu lini. Mwalimu mwema huitumia faida hiyo.

Hatua za mafunzo

Mwaka wa kwanza hufanywa kwa viatu laini. Mwanafunzi hujifunza kushika ufito wa kando ya ukuta bila kuuning'inia, kukunja magoti yakiwa yameelekea vidole (plie), kusugua wayo sakafuni mpaka unyooke, na kupanda juu ya nusu ya wayo (releve). Mazoezi haya yanaonekana madogo, lakini kazi ya ncha imejengwa juu yake yote. Mwaka wa pili huongeza kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kimya, na mazoezi ya misuli midogo ya wayo, kama kuukunja upinde wa wayo bila kukunja vidole.

Jumuiya ya Kimataifa ya Tiba na Sayansi ya Densi hushauri kwamba mtoto asianze kazi ya ncha kabla ya miaka 12, kwamba anayesoma mara moja tu kwa wiki asihimizwe kuianza, na kwamba aliyeanza baleti akiwa na miaka 8 au zaidi, anayesoma mara mbili kwa wiki, angoje mwaka wa nne. Mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya watoto, lakini sharti la madarasa mawili kwa wiki lafaa lishikwe na watu wazima bila kulegezwa. Darasa moja la Jumamosi hujenga afya na furaha. Halijengi mguu wa kubeba mwili kwenye ncha.

Vipimo vya utayari

Mwalimu au mtaalamu wa fiziotherapia anayeijua densi hupima mambo yafuatayo kabla ya kuruhusu viatu vya ncha:

1. Mstari wa wayo. Mwanafunzi akikaa na kunyoosha mguu, sehemu ya juu ya wayo ifike angalau usawa wa muundi.
2. Kupanda kwa mguu mmoja. Apande na kushuka mara 20 au zaidi, goti likiwa limenyooka na kifundo kikiwa hakiangukii ndani wala nje.
3. Kuinama kwa mguu mmoja. Kiwiliwili kikiwa kimelala mbele na mguu wa pili nyuma, akunje goti mara 5 bila goti kuingia ndani wala fupanyonga kuyumba.
4. Kuruka kwa mguu mmoja. Aruke mara kadhaa mfululizo na kutua kupitia wayo mzima, kiwiliwili kikiwa kimetulia.
5. Mzunguko. Azunguke mara moja kwenye nusu ya wayo na kumaliza akiwa wima.

Anayeshindwa kipimo kimoja hajakataliwa. Amepewa orodha ya kazi ya miezi michache ijayo.

Kiatu

Kiatu cha ncha kina kasha la vidole lililogandishwa kwa matabaka ya kitambaa, karatasi na gundi, soli ya ndani iliyo ngumu inayoushikilia upinde wa wayo, na sehemu bapa ya mbele ambayo mchezaji husimama juu yake. Hufungwa kwa utepe na lastiki. Upana wa kasha, urefu wake na ugumu wa soli huchaguliwa kwa kutazama mguu wenyewe: urefu wa vidole, upana wa wayo, unyumbufu wa kifundo. Kwa hiyo kiatu kipimwe mguuni mbele ya mwalimu. Kununua kwa namba ya viatu vya kawaida hakusaidii.

Nguo za mazoezi zaweza kutafutwa katika masoko ya mitumba ya Toi au Gikomba. Kiatu cha ncha cha mtumba kisinunuliwe hata kikiwa na sura ya upya, kwa sababu kasha na soli hushika umbo la mguu wa kwanza na kulegea mahali pasipoonekana. Jasho hulainisha gundi, hivyo kiatu hukaushwa mahali penye hewa baada ya kila somo, wala hakifungiwi kwenye mfuko wa plastiki. Kasha likilainika au soli ikivunjika, kiatu kimekwisha kazi.

Sakafu

Sakafu nzuri ni ya mbao inayonesa, iliyofunikwa kwa zulia la vinyli lisiloteleza. Vyumba vingi vya fleti za Kilimani na Kileleshwa, na kumbi nyingi za makanisa na shule, zina vigae juu ya zege. Sakafu hiyo hairudishi chochote. Pigo lote hupokewa na muundi na mifupa ya wayo. Mazoezi ya nguvu yanaweza kufanywa nyumbani juu yake. Kuruka na kusimama kwa ncha kuachwe darasani, mbele ya jicho la mwalimu.

Miezi ya kwanza kwenye ncha

Kazi ya ncha huanza kwa dakika 10 hadi 15 mwishoni mwa somo, mwili ukiwa umepata joto. Mwanafunzi hutazama ukuta, mikono yote miwili kwenye ufito, na kupanda kwa miguu yote miwili. Jinsi anavyoshuka huhesabiwa sawa na jinsi anavyopanda: kushuka polepole kupitia nusu ya wayo ndiko kunakojenga nguvu. Mguu mmoja hufuata baada ya miezi, na kuondoka kwenye ufito baadaye zaidi. Malengelenge na uchovu wa misuli ni vya kawaida. Ganzi na maumivu ya mfupa si vya kawaida.

Majeraha

Jeraha la ghafla linalotokea zaidi ni kuteguka kifundo kwa upande wa nje. Mtu asiyeweza kupiga hatua 4, au anayeumia akibonyezwa kwenye mfupa wa kifundo au kwenye ukingo wa nje wa wayo, anahitaji eksirei. Majeraha ya polepole ni hatari zaidi kwa sababu huvumilika. Maumivu nyuma ya kifundo kwa ndani, pamoja na kidole gumba kinachokwama au kualika, huonyesha kano ya kidole hicho imelemewa. Maumivu nyuma ya kisigino kila wayo unaponyooshwa huonyesha kubanwa kwa tishu kati ya mifupa. Maumivu ya sehemu moja katikati ya wayo, yanayozidi kwa kazi na kubaki hata usiku, yanaweza kuwa ufa wa mfupa. Ufa huo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya wiki za mwanzo, hivyo picha safi peke yake si ruhusa ya kurudi kucheza.

Mifupa hulindwa pia mezani. Anayejinyima chakula ili awe mwembamba hudhoofisha mifupa, na hedhi inayokatika ni dalili ya kumwona daktari. Maziwa, omena na sukuma wiki, vyakula vya kila siku Nairobi, vina kalisi ya kutosha kuwekwa katika mpango wa mchezaji.

Wanaopaswa kungoja

Mwenye kisukari kilichopunguza hisia za miguu, mwenye mifupa iliyopungua uzito, mjamzito, na mwenye kidole gumba kisichokunjika wasipande kwenye ncha. Mwenye viungo vinavyolegea kupita kawaida huwa na upinde wa wayo unaopendeza macho, lakini anahitaji muda mrefu zaidi wa kujenga nguvu.

Baleti bila ncha

Wanaume kwa kawaida hawachezi kwa ncha, na hakuna anayesema baleti yao ina upungufu. Kipimo hicho kiwafae watu wazima wote. Mwanafunzi anayetafuta darasa Nairobi na aulize maswali manne: sakafu ni ya nini, mwalimu alijifunza wapi, wanafunzi hupimwaje kabla ya kazi ya ncha, na ni mara ngapi mwalimu amemwambia mtu asubiri. Mwalimu anayejibu swali la mwisho bila kusita, na kueleza sababu, anastahili kuaminiwa na miguu ya mtu. Anayeahidi viatu vya ncha kwa tarehe fulani anauza kitu ambacho hakipangwi kwa kalenda.