Uzalishaji wa Pundamilia nyererei katika akwaria

Uzalishaji wa Pundamilia nyererei katika akwaria ni ufugaji wa samaki huyo wa Ziwa Viktoria ndani ya tangi la kioo kwa nia ya kupata vifaranga. Pundamilia nyererei ni mmoja wa furu, samaki wadogo wa familia Cichlidae, ambayo ni pia familia ya sato na perege. Majike wa furu huatamia mayai mdomoni. Kwa kuwa spishi nyingi za furu zimepungua au kutoweka ziwani tangu miaka ya 1980, kuwazalisha matangini kumekuwa njia mojawapo ya kuzihifadhi.

Jina na makazi

Spishi hii ilielezwa kisayansi mwaka 1985 na Els Witte-Maas na Frans Witte, ikaitwa Haplochromis nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara. Mwaka huohuo Mwalimu aling'atuka urais. Mwaka 1998 spishi ilihamishiwa jenasi mpya ya Pundamilia, iliyopewa jina la Kiswahili kwa sababu ya milia myeusi inayoshuka ubavuni mwa samaki hao.

Pundamilia nyererei huishi kwenye miamba ya visiwa vya kusini mwa ziwa, katika Ghuba ya Mwanza na Ghuba ya Speke. Ghuba ya Speke ndiyo inayofika mwambao wa Bunda. Kisiwa cha Makobe ni mojawapo ya mahali panapojulikana sana kwa samaki hao.

Dume aliyekomaa ana mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na milia myeusi. Jike ana rangi hafifu ya kijivu au kahawia. Rangi ya madume hutofautiana kidogo kutoka kisiwa hadi kisiwa, na kwa hiyo wafugaji huandika jina la mahali pamoja na jina la spishi.

Kuandaa tangi

Samaki hawa ni wadogo, lakini madume ni wagomvi, kwa hiyo tangi liwe na urefu wa mita moja au zaidi na lichukue lita 200 hivi. Mawe hupangwa ili kuacha mapango na nyufa za kujificha. Mawe mazito yakae juu ya sakafu ya tangi yenyewe, si juu ya mchanga, kwa maana samaki huchimba na mawe yanaweza kuporomoka.

Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Maji yasiwe na uchachu: pH ya 7.5 hadi 8.5 inafaa. Maji ya bomba yenye klorini huachwa wazi siku moja au mbili kabla ya kutumika. Chujio liendeshwe wiki kadhaa kabla ya kuingiza samaki wengi, ili bakteria wanaovunja amonia wapate kukua. Baadaye sehemu ya maji hubadilishwa kila wiki.

Dume mmoja huwekwa pamoja na majike wanne au zaidi. Jike akiwa peke yake na dume hufukuzwa bila kupumzika na anaweza kufa.

Kutaga na kuatamia

Dume huchagua eneo, husafisha jiwe au huchimba shimo mchangani, kisha hutetemesha mwili mbele ya jike. Jike hutaga mayai machache kwa wakati mmoja na kuyachukua mdomoni papo hapo. Kwenye pezi la mkundu la dume kuna madoa ya manjano yanayofanana na mayai. Jike anapoyadonoa madoa hayo, mbegu za dume humwingia mdomoni na kuyarutubisha mayai.

Mayai ni makubwa yenye kiini kingi, na kwa kawaida huwa makumi machache tu. Sangara hutaga mamilioni. Furu hutegemea ulinzi wa mama. Jike anayeatamia hutambulika kwa koo lililovimba na kwa kukataa chakula. Mayai huanguliwa baada ya siku tano au sita hivi, lakini vifaranga hubaki mdomoni mpaka kiini kiishe. Muda wote ni takriban wiki tatu. Wakishaachiliwa, mama huendelea kuwalinda kwa siku kadhaa na kuwarudisha mdomoni wakiona hatari.

Kuangua bila mama

Jike mchanga, au aliyeshtuliwa, mara nyingi humeza mayai yake. Kwa hiyo wafugaji wengi humhamishia tangi dogo lenye maficho baada ya wiki mbili hivi. Wengine huyatoa mayai na kuyaweka kwenye chombo ambacho mkondo mpole wa maji huyageuzageuza, kama mama anavyofanya mdomoni. Mayai yasiyosogezwa huzibwa na kuvu. Yaliyogeuka meupe yamekufa. Huondolewa mapema ili kuvu isienee.

Vifaranga wanaoogelea wana ukubwa wa kutosha kula vichanga vya Artemia au chakula kikavu kilichosagwa. Hapo furu ni rahisi kulea kuliko samaki wa jenasi Amphiprion, wale wa mwambao wa Bahari ya Hindi wanaoishi miongoni mwa anemoni. Hao hubandika mayai kwenye mwamba, dume huyapepea, na vichanga wanaoanguliwa ni wadogo mno kiasi cha kuhitaji kulishwa vijidudu wa majini.

Kutunza ukoo

Ugumu mkubwa si kuangua mayai bali kuzuia spishi zisichanganyike. Furu wengi wanaweza kuzaliana wao kwa wao na kupata watoto wenye rutuba. Ziwani, jike wa Pundamilia nyererei humtambua dume wake kwa wekundu, naye jike wa Pundamilia pundamilia hufuata madume wa rangi ya kijivu-buluu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba uchaguzi huo hudhoofika pale maji yanapochafuka na mwanga kupungua, spishi huchanganyika.

Hayo hutokea pia tangini, jike asipopata dume wa aina yake. Kwa kuwa majike wa spishi hizo mbili wanafanana sana, kosa haligunduliki mpaka vizazi vimeharibika. Kanuni ni spishi moja, tena ya mahali pamoja, katika kila tangi.

Hifadhi

Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alimaliza furu wengi wa maji ya wazi. Furu wa miambani walinusurika zaidi kwa kujificha nyufani, lakini hawakuepuka maji machafu. Katika miaka ya 1990 bustani za wanyama na akwaria za Amerika ya Kaskazini zilianzisha mpango wa pamoja wa kuzalisha furu.

Tangi lina mipaka yake. Ukoo ulioanzishwa na samaki wachache hudhoofika kwa kuzaliana ndugu kwa ndugu, na samaki wa tangini hawapaswi kumwagwa ziwani, kwa kuwa wanaweza kupeleka magonjwa au damu iliyochanganyika.