Mioto Miwili ya KLF

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 1994, ndani ya banda la mashua katika kisiwa cha Jura huko Scotland, wanaume wawili walichoma moto pauni milioni moja za Kiingereza. Hazikuwa noti bandia. Zilikuwa noti halali za pauni hamsini hamsini, walizozipata kwa muziki wao, na kazi ya kuzitupia motoni iliwachukua zaidi ya saa nzima.

Wengi wakisikia kisa hiki husema "wazimu!" na kuishia hapo. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini siku hizi naona moto wa Jura haueleweki bila moto mwingine, mdogo, uliowashwa miaka saba kabla yake.

Wawili hao ni Bill Drummond na Jimmy Cauty, waliojulikana kwa jina la KLF. Drummond, mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Scotland, alizaliwa Butterworth, Afrika ya Kusini, mwaka 1953. Mwaka 1987 walitoa albamu yao ya kwanza, iliyojaa vipande vya nyimbo za watu wengine walivyovinyofoa bila kubisha hodi. Kimojawapo kilitoka kwenye "Dancing Queen" wa kundi la ABBA. Wenye haki wakacharuka, na chama kinachosimamia haki za watunzi nchini Uingereza kikaagiza santuri hizo ziharibiwe. Basi wakapakia zilizobaki garini, wakaenda Sweden kuwabembeleza ABBA ana kwa ana. Hawakuonana nao. Nyingi wakazichoma shambani, na zilizosalia wakazitosa baharini wakiwa kwenye meli ya kurudi.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo walipofahamu kwamba wimbo una mwenyewe, na mwenyewe ndiye mwenye kiberiti.

Tangu hapo mambo yaliwanyookea. Mwaka 1988, wakijiita Timelords, walishika nambari moja Uingereza, kisha wakaandika kitabu cha kumfundisha mtu asiye na senti namna ya kufika huko. Mwaka 1991 ukawa wao: "3 a.m. Eternal" ikawa nambari moja, na kabla mwaka haujaisha wakamchukua Tammy Wynette, malkia wa muziki wa kantri wa Nashville, wakamwimbisha juu ya mdundo wa disko. Nani mwingine angethubutu? Wimbo huo nilikuwa nao kwenye kanda, nimeurekodi redioni, sauti ya mtangazaji ikiingilia katikati. Sikumlipa mtu hata senti, wala sikujiona mwizi.

Februari 1992, kwenye sherehe ya tuzo za BRIT mjini London, Drummond aliwafyatulia watazamaji bunduki yenye risasi zisizodhuru. Mwezi Mei wakatangaza kwamba wameacha muziki, wakaziondoa santuri zao zote katika soko la Uingereza. Bosi gani wa kampuni angekubali? Lakini bosi hakuwepo. Kampuni ilikuwa yao wenyewe. Safari hii hakuna aliyewaamuru.

Zikabaki fedha. Mwaka 1993 walimtunuku mchongaji Rachel Whiteread pauni 40,000 kwa kuwa eti ndiye msanii mbaya kuliko wote, usiku uleule aliposhinda tuzo ya Turner ya pauni 20,000, na wakatishia kuzichoma akizikataa. Akazipokea shingo upande, akazigawa kwa wasanii wenye shida na kwa shirika la Shelter, linalowasaidia wasio na makazi. Yaani mfano wa kufanya jambo la maana na fedha zile walikuwa nao mbele ya macho yao! Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Mali ilikuwa yao, sikatai. Mwaka 2004 Drummond mwenyewe aliiambia BBC kwamba ni vigumu kuwaeleza watoto wake.

Tarehe 1 Januari 2021 nyimbo za KLF zilianza kurudi kwa njia ya intaneti. Mwezi uliofuata ikatoka upya albamu yao ya 1990, "Chill Out", kwa jina jingine. Baadhi ya vipande vya nyimbo za watu wengine vilikuwa vimeondolewa.