Kwelea kwelea, ndege aliyeamua Ugogo ule nini

Ukitaja ndege wahamao, wengi watakutajia korongo weupe wanaokimbia baridi ya Ulaya na kuja kujilia panzi kwenye nyika zetu. Hao ni wageni wa heshima, hawamdhuru mtu. Mhamaji anayemkosesha usingizi mkulima wa Bahi, Chamwino au Kondoa, mkoani Dodoma, ni mdogo mno, uzito wake ni kama gramu 20, ana mdomo mwekundu, na safari zake hazipangwi na baridi. Zinapangwa na mvua.

Kuanzia Mei hadi Novemba, Dodoma ikiwa kavu, kwelea kwelea huishi kwa kuokota mbegu za nyasi zilizodondoka ardhini. Ungedhani mvua za kwanza ni neema kwake. Kumbe ndiyo njaa yenyewe: mbegu huota zote kwa mpigo, na ghala lake hugeuka majani mabichi yasiyolika. Hapo makundi huondoka. Kwa walivyofuatilia wataalamu, sehemu kubwa ya ndege wa uwanda wa kati huelekea kusini mwa Somalia, ambako mvua zilitangulia na nyasi zimekwisha kuzaa. Februari na Machi hurejea, wakakuta nyasi za huku nazo zina mbegu changa, na hapo hutaga. Wakimaliza husogea kaskazini na kutaga tena, hata ifikapo Mei wengine wako katikati ya Kenya. Mwaka 1971 mtafiti Peter Ward ndiye aliyeupanga mwendo huu wote ukaeleweka, lakini kazi ilikwisha kuanza Tanganyika miaka ya 1950, pale H. J. de S. Disney na A. J. Marshall walipoonyesha kwamba kinachomwamsha ndege huyu ajenge kiota ni mvua na majani marefu mabichi yanayoifuata.

Akishaamka, hana mchezo. Dume hufuma kiota kwa nyasi mbichi, mdomo wa jike hugeuka manjano, mayai hutagwa, mara nyingi matatu, na kwa siku 10 hadi 12 yameanguliwa. Mgunga mmoja huweza kubeba viota mamia, na migunga ya namna hiyo ikafunika hekta nyingi. Baada ya wiki sita hivi shughuli imekwisha, kimebaki kizazi kipya chenye njaa, wakati uleule ambapo mtama na uwele viko kwenye punje za maziwa.

Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Ni kidogo, hadi uzidishe. Kundi la ndege milioni moja, ambalo kwa kwelea si kundi la kushangaza, ni tani 10 kila siku.

Kinga ya kale ni kuamia. Familia hujenga dungu katikati ya shamba, na kuanzia alfajiri mpaka jua lizame mtu yuko juu, kombeo mkononi, akipiga kelele na kugonga makopo. Kazi hiyo hudumu kwa wiki kadhaa bila Jumapili, na kwa kawaida huwaangukia wanawake na watoto. Anayeuliza kwa nini dawati la mtoto fulani lilikuwa tupu msimu huo aanzie kwenye dungu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomlaumu Mgogo kwa kupanda mahindi kwenye nchi ya ukame. Kila serikali imehimiza mtama, na kwa hesabu ya mvua ina haki: Dodoma hupata chini ya milimita 600 kwa mwaka, tena kwa msimu mmoja. Lakini hindi limefungwa kwenye maganda na punje yake ni kubwa kwa mdomo wa kwelea, kwa hiyo halihitaji mlinzi wa kutwa. Mkulima huchagua kati ya jua na ndege, na mara nyingi jua humwonea huruma zaidi. Wataalamu wa kilimo walijaribu kumsaidia kwa Serena, mtama mwekundu uliozalishwa kituo cha Serere, Uganda, wenye ukakasi unaomkera ndege. Tatizo ni kwamba ukakasi huo uko hata kwenye ugali. Siku hizi soko linataka mtama mweupe kama Macia, ambao viwanda vya bia huupenda. Kwelea pia.

Vita ya serikali dhidi yake ilianza kwa ukatili usio na haya: sehemu mbalimbali za Afrika walijaribu moto, petroli na baruti kwenye malalo, yaani mahali makundi yanapolala usiku. Baadaye ikaja sumu. Shirika la kudhibiti nzige wa jangwani Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, liliingizwa pia kwenye kazi ya kwelea, na kwa miaka mingi ndege ya chuma imekuwa ikipita jioni juu ya malalo ikinyunyiza fenthioni, maarufu kwa jina la biashara la Queletox. Leo kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Sumu huokoa mashamba ya jirani, hilo halina ubishi. Lakini huua pia bundi na mwewe, na idadi ya kwelea barani, inayokadiriwa kufikia bilioni moja na nusu, haijatikisika.

Kondoa wana jibu lao tangu zamani. Huko wategaji husuka vikapu vya majani, ambavyo ndege huingia kwa urahisi na kutoka ikawa taabu, wakawanasa kwelea kwa wingi kwa ajili ya kitoweo na kuuza. Ndege hunyonyolewa, hutiwa chumvi, hukaangwa na kutafunwa na mifupa yake. Watafiti, akiwemo Boniface Mtobesya, wamevijaribu vikapu hivyo kwa kuvilinganisha na nyavu nyembamba, wakitafuta namna ya kuongeza mavuno ya wategaji na kupunguza dawa. Ni njia isiyoweza kumaliza malalo ya mamilioni, lakini ni ya pekee inayomlipa mtu wa kijijini badala ya kumgharimu.

Ugumu wake ni kwamba mtego na sumu haviwezi kutumika kwenye mgunga mmoja. Baada ya kunyunyizia, ndege hulala wamejaa chini, na kuokota ni rahisi kuliko kutega. Wataalamu huonya wasiliwe, ila yule kwelea akishafika kwenye kikaango cha gulioni, mnunuzi hana namna ya kujua kwa macho kama alinaswa au aliokotwa.