John, Ian, Ivan na Johana: Hawa Wote Wana Jina Moja, Buda

Panda mathree ya kutoka Nax kwenda Molo, kisha uite "John!" Wasee kama watatu hivi watageuka. Lakini pia Ian, Evan na Sean walifaa kugeuka, pamoja na guka pale nyuma anayeitwa Johana. Jina ni moja, njia lililopitia ndio tofauti.

Rada ni hii: majina yalianza kwa Kiebrania, Wagiriki wakayaandika kivyao, Kilatini kikayabeba, halafu kila nchi ya Ulaya ikayapinda kulingana na ulimi wake. Mamishonari ndio walituletea kwa ubatizo.

Yohanan: "Mungu ana neema". Uingereza ni John, Wales Evan, Scotland Ian, Ireland Sean, Ufaransa Jean, Hispania Juan, Italia Giovanni, Urusi Ivan. Biblia ya Kikuyu inasema Johana, ya Kiswahili Yohana. Waislamu humwita Yahya.

Yaakov: Kilatini kilikuwa na Iacobus, baadaye kukatokea Iacomus. La kwanza likazaa Jacob, la pili James. Kwa hivyo James na Yakobo ni jina lilelile.

Elisheva: "Mungu wangu ni kiapo". Hapo ndipo tulipata Elizabeth, Lisa, Betty na hata Isabella.

Daniel: "Mungu ndiye hakimu wangu". Moi alizaliwa Baringo mwaka wa 1924 akiitwa Toroitich. Daniel ni jina la ubatizo, na ndilo alilotawala nalo mpaka 2002. Amezikwa Kabarak, hapa tu Nakuru.

Kuna wenye walicheza kama wao. Kenyatta alipobatizwa 1914 alitaka John Peter. Akaambiwa achague moja. Kwa sababu Petro maana yake ni jiwe, akaunganisha yote mawili: Johnstone.

Sasa hapa ndipo story inauma. Guka ni Johana kwa cheti cha ubatizo, John kwa kitambulisho, Yohana kwa hati ya shamba. Siku akienda, mbogi ya familia inabaki kortini ikithibitisha hao watatu ni mzee mmoja. Kama bado ako, angalia makaratasi yake wikendi hii. Majina yakigongana, mpeleke kwa wakili aape kiapo mapema. Yeye mwenyewe ndiye shahidi mpoa kuliko wote.